Mvua ya Mama Mkwe

Mke wangu ni mpima mvua. Kila siku saa tatu kamili asubuhi, iwe harusi au msiba, huenda nyuma ya nyumba kwenye kipimo, akasoma, akaandika daftarini, akatuma. Siku tuliyooana nilimsubiri mpaka saa tatu na dakika tano.

Tarakimu zake huenda kwenye shirika la mataifa mengi, ambako wataalamu wa nchi zinazonuniana hukaa meza moja, maana wingu halina pasipoti. Penye wengi hapaharibiki neno, ila mwaka jana hao wengi waliamua kupunguza vituo. Mkaguzi kutoka nchi jirani angekuja kuona kama cha mke wangu kinastahili kubaki. Miaka ishirini na mbili hakuwa amekosa hata siku moja, na sasa hata chakula kilimshinda.

Kiangazi kilikuwa kikali. Miezi miwili daftari lilijaa sifuri tupu, na sifuri hizo zilimkera mama yangu, anayempenda mkwewe kuliko anavyonipenda mimi niliyezaliwa naye.

Mkaguzi alifika, saa tatu ikagonga, kipimo kikafunguliwa. Milimita kumi na nane! Mbingu ilikuwa nyeupe pe. Mke wangu alimgeukia mama, aliyekuwa akikagua kucha zake.

"Mama, umetia maji?"

"Sasa mwanangu, ningekuacha uaibike mbele ya mgeni? Birika moja tu."

Nikamnong'oneza mke wangu, "Andika sifuri, yaishe." Alinitazama nikatamani ardhi ipasuke. Sifuri hakuisoma, kwa hiyo hangeiandika. Aliandika: "Leo hakuna kipimo. Maji yametiwa na mama mkwe." Lilikuwa pengo lake la kwanza, akalia mbele yetu sote bila kujificha. Nilimwonea huruma, na nilijionea aibu.

Mkaguzi alinakili maneno hayo kwenye fomu yake, taratibu, neno kwa neno.

"Baba, utamfuta kwa sababu yangu?" mama aliuliza.

"Mama, kuna vituo vinatuletea tarakimu safi za mvua mwaka mzima, ukienda kipimo chenyewe kiliibwa zamani. Vituo hivyo ndivyo tunavyofuta." Akamgeukia mke wangu. "Wewe unabaki. Nitakuletea uzio na kufuli."

Mke wangu alifuta machozi, akafunga daftari.

"Vizuri," alisema mama. "Ufunguo nitakaa nao mimi."