Salamu Ng'ambo

Mwalimu Anyesi anafundisha darasa la awali huko Nzuguni, na kwa mdomo hajambo. Waulize bodaboda wanaopita kwenye kivuko cha shule: kawabandika majina ambayo hayamo kwenye mtaala wowote.

Watoto wake walijua kutazama kulia, kushoto, kisha kulia tena. Kilichowaponza ni adabu. Wakikutana na mtu mzima katikati ya barabara, wanasimama papo hapo, wanakunja magoti, shikamoo inatolewa mmoja baada ya mwingine, na mzee naye hana haraka, anauliza mpaka hali ya mbuzi. Siku moja gari lilifunga breki likamgusa Frida akiwa bado amekunja goti mbele ya Mzee Lameck. Mtoto alitoka na mchubuko tu. Anyesi alijifungia chooni akalia, akanawa uso, akatoka na sheria mpya: barabarani hasalimiwi mtu, hata awe askofu. Salamu ng'ambo.

Wazee walinuna, wakasema anakuza watoto wasio na haya. Aliyenuna kuliko wote ni mama mkwe wake, Bi Emiliana wa Chamwino, ambaye anakumbuka kila salamu aliyowahi kunyimwa. Anyesi, na mdomo wake wote, alimwogopa mama huyo kuliko malori.

Asubuhi moja alikuwa akiwavusha watoto, Bi Emiliana akatokea upande wa pili, jogoo kwapani. Watoto wakampita kama nguzo ya umeme. Mama akasimama katikati ya kivuko, akamkazia mkwewe macho, akangoja. Basi mtunga sheria mwenyewe, mwili ukamsaliti. Akapiga goti juu ya mstari mweupe na kuanza shikamoo, huku lori la alizeti likija linapiga honi.

Watoto walikuwa wameshavuka. Wakapaza sauti kwa pamoja, kwa ukali uleule aliowafundisha: "Mwalimu, salamu ng'ambo!"

Bi Emiliana, ambaye hajawahi kuharakishwa na mtu, alimkamata mkwewe ukosi wa gauni akamburuta hadi pembeni. Lori likapita, likawaachia vumbi na manyoya ya jogoo.

Aibu ilimuuma Anyesi kuliko hofu. Mama mkwe alijifunga kanga upya, akawatazama watoto, kisha akamgeukia yeye.

"Hawa wana akili kukushinda," alisema. "Haya, sasa nisalimie."