Ua wa Miiba Mtoni

Baba alifika Garissa kutoka upande wa Tarbaj baada ya ukame kummalizia ng'ombe, na hakuwa na ujuzi wowote ambao mji ulikuwa unauhitaji. Alikuwa mtu wa visima na malisho. Mjomba alimweka dukani kwake auze sukari na mchele, lakini alikuwa akisinzia juu ya kaunta huku wateja wakijipimia wenyewe. Kilichomwamsha ni mto.

Kila Ijumaa baada ya Alasiri tulitembea kando ya Tana, nyumba nzima. Baba alitangulia, fimbo mabegani na mikono imening'inia juu yake, kana kwamba bado kuna mifugo mbele. Mimi na mdogo wangu wa kike tulifuata, na mama nyuma na thamosi ya chai. Tulipita mashamba ya ndizi na kelele za pampu mpaka kwenye kona ambapo mto ulikuwa umekula ukingo na kuacha kidimbwi kipana chenye mchanga. Watoto wa wenye mashamba waliogelea hapo kwa zamu, wengine wakikaa juu kuchungulia mamba. Mdogo wangu, ambaye huko tulikotoka alikuwa akioga kwa kikombe kimoja, aliwatazama kwa wivu mpaka nikamhurumia.

Baba naye alikuwa akitazama. Wiki iliyofuata alikuja na shoka. Alikata matawi ya mgunga, akasimika nguzo majini, akaziba mdomo wa kidimbwi kwa ua wa miiba kutoka ukingo hadi ukingo, vilevile alivyokuwa akifunga boma la mbuzi. Mwenye shamba la jirani alikuja kumuuliza kama kweli huo ungemzuia mamba.

"Hii miti fisi nashindwa kubita," baba akamjibu kwa Kiswahili chake. "Mamba ni nani?"

Yule bwana alicheka, lakini Ijumaa iliyofuata aliwaleta watoto wake.

Kiangazi chote watu walikuja kuoga kwenye ua wa baba. Mdogo wangu alijifunza kuogelea, dera lake limejaa hewa mgongoni, akipiga maji kwa fujo mpaka mama akalowa kule kwenye mkeka. Mama alisema kwamba mume wake angeufikia mwezi angeuzungushia miiba pia. Baba alicheka. Watu wasiomjua walimwamkia njiani, na dukani aliacha kusinzia. Sijawahi kumwona na furaha kama miezi ile, na nasema hivyo nikijua kilichofuata.

Kisha mvua ikanyesha huko juu milimani. Sisi hatukupata hata tone, ila mto ulijaa, ukafunika ua wote kwa siku kadhaa. Maji yalipopungua tulirudi.

Baba alifanya alichofanya kila asubuhi ya maisha yake bomani. Aliupitia ua wote, akatikisa kila nguzo, akatafuta pengo. Hakuna tawi lililong'oka. Huko kwetu, ua usio na pengo maana yake hakuna kilichoingia, na mtu aliyekagua hivyo huwafungulia mbuzi bila wasiwasi. Nani wa kwetu angewaza kwamba adui anaweza kupita juu ya ua, amebebwa na maji, kisha maji yaondoke yamwache ndani, ana njaa, na hawezi kutoka kwa sababu ua umefungwa vizuri? Maji usiyoyafika hujui wingi wake.

"Ua ni mzima," baba akasema. "Ingieni."

Mdogo wangu aliingia kwanza, maana siku zote alikuwa wa kwanza. Maji yalikuwa mazito ya udongo, hata magoti yake hayakuonekana. Aligeuka aniambie kitu, nadhani kwamba maji ni ya baridi, na hakumaliza. Baba, asiyejua kuogelea, alijitupa na fimbo yake. Wanaume walikuja mbio kutoka mashambani na mapanga, wakaanza kuukata ua pale mamba alipomvutia, na miiba iliwachana mikono kwa sababu baba alikuwa ameifunga kweli. Baba walimtoa hai; mdogo wangu tulimpata kabla ya Magharibi. Tulimzika asubuhi.

Waliokuja kutupa pole walisema ajali haina kinga. Niliwachukia kwa neno hilo. Kinga tulikuwa nayo, na ndiyo iliyomuua.

Matanga yalipokwisha, baba aliwaita wazee wa ukoo nyumbani. Mama alidhani ni dua. Lakini walipoketi sebuleni baba hakukaa nao, alikwenda kukaa karibu na mlango, mahali pa mshtakiwa. Kwa sheria yetu ya mila, damu ikimwagika, hata kwa bahati mbaya, aliyeisababisha huja mbele ya wazee, na mwenye damu, yaani aliyefiwa, hudai au husamehe. Mimi nilikuwa nikigawa chai, kwa hiyo nilisikia yote.

"Aliyefunga ua ni mimi," baba akasema. "Aliyesema ingieni ni mimi. Nihukumuni."

Wazee walitazamana. Mkubwa wao akamuuliza mwenye damu ni nani. Mwenye damu ya mtoto ni baba yake, na hilo kila mtu pale alilijua.

"Basi, walaal, ndugu yangu," mzee akasema kwa upole, "mambo ni mepesi. Mwenye damu ndiye wewe, na kusamehe ni kwako. Sisi ni mashahidi. Msamehe mtu huyu, tusome Fatiha, twende tukaswali."

Wakamngoja. Mama alikuwa amesimama nyuma ya pazia, nililiona likitikisika. Baba aliinamisha kichwa, akalifikiria jambo hilo kwa makini, kama mtu anayefikiria habari za mgeni.

"Nimekataa," akasema.