Kadi za Mchango wa Mbwa

Mimi mbwa siwapendi, na niseme hivyo mapema ili mtu asije akanidhania mema nisiyostahili. Nilikulia Kagera, kwenye migomba, ambako mbwa alikuwa kiumbe wa nje: alibweka usiku, akala makombo, na hakuna mtu aliyemsemesha. Rafiki yangu ni mtu wa Mara, wa kule mwambao wa ziwa, na sidhani kwao ni tofauti sana. Huruma yake aliitoa wapi, sijui. Ninachojua ni kwamba mumewe alipofariki nyumba ilijaa watu, tukala, tukalia, tukakunja mikeka, tukaondoka. Aliyefuata kuingia getini alikuwa mbwa aliyegongwa na bodaboda, akiburuta mguu wa nyuma.

Aliufunga ule mguu kwa kipande cha kanga. Baada ya huyo wakaja wengine, wa kuokotwa na wa kuletwa, mpaka ule uwanja wake wa mawe kule mlimani, unapoliona ziwa lote, ukageuka kituo. Yeye ni muuza dagaa. Dagaa waliovunjikavunjika, ambao wateja hawawataki, aliwapikia mbwa na dona kwenye sufuria lililopikiwa msibani. Daktari wa mifugo alikuja kuwachanja kila mwaka na hakuwahi kumtoza zaidi ya bei ya dawa.

Kisha mtoto mmoja, mtaa mwingine kabisa, akang'atwa na mbwa wa barabarani. Mji ukaingia hofu, na haki yake, maana kichaa cha mbwa si jambo la mzaha. Watu wa halmashauri wakapita kila nyumba yenye mbwa, na walipofika kwa rafiki yangu wakakuta kituo kisicho na kibali katika eneo la makazi. Akapewa amri ya maandishi: mpaka mwisho wa mwezi awe amewaondoa. Akishindwa, watakuja kuwaua wao wenyewe.

Kibali alikuwa amekiomba siku nyingi. Idara ya mifugo walimtuma mipango miji, mipango miji wakamtuma afya, afya wakamrudisha mifugo. Walimpiga danadana mpaka walinzi wa getini wakamzoea. Hakuna aliyemkatalia na hakuna aliyempa.

Alikuja dukani kwangu Mabatini, akakaa kwenye kiti cha wateja bila kugusa kitambaa chochote. Mimi nauza vitambaa, na mtu anayekaa katikati ya vitambaa bila kuvigusa hunipa wasiwasi.

"Dada," alisema, "yule kijana aliyetumwa kuleta amri ameniambia siku ikifika mbwa niwaite mimi. Eti wameizoea sauti yangu, kazi itakuwa nyepesi."

Nilifunga duka, tukaenda mjini kwa wakili, binti mdogo mwenye ofisi juu ya duka la simu. Alitusikiliza vizuri. Alisema inawezekana kwenda mahakamani kuomba zuio ili mbwa wasiguswe, na kuomba pia mahakama iilazimishe halmashauri itoe uamuzi kuhusu kibali, uwe ndiyo au hapana. Alipunguza gharama zake mpaka nikamwonea aibu, lakini bado zilikuwa juu ya uwezo wa muuza dagaa na muuza vitambaa.

"Mama, hata mimi nina pango," alisema, na nilimwelewa.

Sasa, kama kuna kitu ninachokijua duniani ni kuchangisha. Nimekuwa mweka hazina wa kamati za harusi tangu enzi za kuzunguka na bahasha mkononi. Nikaenda kwa mwenyekiti wetu, mzee mstaafu ambaye mtaani hakuna bibi harusi aliyeingia ukumbini bila yeye.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nani anaoa?"

Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta kwa shati.

"Mbwa," alisema. "Mwanangu, watu wa hapa wanachangia harusi, msiba, ubarikio na mgonjwa. Mbwa hayumo."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tuendeshe kama harusi. Watu wakishaona kamati, wanatoa. Hawaulizi."

Nilicheka, lakini tulifanya hivyohivyo. Tukaunda kamati, tukafungua kundi la WhatsApp, tukapeleka kazi ya kadi kwa mchapishaji wetu wa siku zote. Maneno ya juu aliyabadilisha vizuri, akaandika kwamba tunaomba msaada wa kugharamia kesi ya kuokoa wanyama. Mengine yote aliyaacha kama yalivyokuwa kwenye kompyuta yake: maua mekundu, njiwa wawili wakigusana midomo, na chini kabisa, singo ya mtu mmoja kiasi hiki, dabo ya wawili kiasi hiki. Kadi zilipita mikononi mwa kamati nzima na hakuna aliyeshtuka, kwa sababu kadi ya namna hiyo tumeiona maisha yetu yote.

Michango ikaanza kuingia. Na simu nazo zikaanza. Ukumbi gani? Sare ni rangi gani? Mama mmoja aliniuliza kama bibi harusi anatokea Buswelu. Nikasema hakuna bibi harusi, kuna mbwa. Akasema sawa, lakini kitambaa je?

Mimi nilisema hakuna sherehe. Kila senti iende kwa wakili, mwezi unayoyoma. Tukagombana kwenye kikao, na sikuzungumza kama mtu mzima.

"Mtu ametoa dabo," mwenyekiti alisema taratibu, "amemwambia mkewe ajiandae. Utamwambia nini? Kwamba ulikuwa unatania?"

Wanawake wa jumuiya yetu ya kanisani ndio waliotuokoa. Walisema mchele wataleta wao, nyama wataleta wao, pesa ya wakili isiguswe. Nikashusha pumzi. Vitambaa vya sare waliuziwa na mimi, kwa bei ya jumla, na hapo pia walinitania vya kutosha.

Usiku ule nilifikiri sana juu ya jambo ambalo sikuwa nimelifikiria kwa miaka yote ya kuzunguka na bahasha. Wale watu hawakuwachangia mbwa. Hawakumchangia hata rafiki yangu, ambaye tangu awe mjane hakuonekana tena kwenye harusi ya mtu, kwa sababu kila alichopata kiliishia kwenye lile sufuria. Walinichangia mimi. Kila jina lililoingia kwenye simu yangu niliweza kukumbuka nilivaa nini kwenye shughuli yake. Kama rafiki yangu angesimama peke yake na haki yake yote, asingepata hata nauli ya kwenda mahakamani. Jambo hilo liliniuma, na bado linaniuma.

Kisha ukaingia mchango wa dabo kwa jina la mwanamke wa Buhongwa ambaye mwanzoni sikumkumbuka. Nilipokumbuka kwamba tuliwahi kukaa kamati moja ya harusi, nilikaa kitako. Ni mke wa afisa aliyesaini ile amri.

Nikadhani ni mazoea tu. Kadi imefika, mama wa watu ametoa bila kusoma. Wakili hakucheka nilipomsimulia.

"Irudisheni leo," alisema. "Mdaiwa hawezi kuchangia kesi dhidi yake. Itaonekana vibaya kwake na kwenu."

Kwa binti aliyesoma sheria ni jambo rahisi. Kwetu, mchango haurudishwi ila harusi ikivunjika. Kumrudishia mtu mchango wake ni kumwambia kwamba shughuli yake na yako hazijuani tena. Nilienda Buhongwa nikiwa nimekasirika kabla hata sijafika.

Alifungua geti mwenyewe, kijana wa umri wa mwanangu wa kwanza, amevaa kandambili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nimeleta mchango wenu."

Aliiangalia bahasha. "Harusi imevunjika?"

Nilijikuta nacheka, na sikutaka. Nikamwambia wakili amekataa. Nikamwambia pia aniombee radhi kwa mkewe, mwenzangu wa vikao, pengine hakusoma kadi.

"Alisoma," alisema. "Mimi ndiye niliyempa atume." Alitoka nje, akalifunga geti nyuma yake. "Mama, kibali cha namna ile hakuna aliyewahi kukisaini hapa. Hakuna mwongozo. Nikisaini mimi wa kwanza, kesho mtoto aking'atwa, jina ni langu. Mahakama ikiniamuru, nasaini hata sasa hivi."

"Na wale mbwa ungewaua?"

"Amri ningeitekeleza," alisema, na hakuangalia pembeni.

Nilitamani sana awe mtu mbaya. Ningelala vizuri zaidi. Alipokea bahasha yake kwa mikono miwili, akanisindikiza mpaka barabara ya Shinyanga, hatukuzungumza tena habari za mbwa. Siku hizi amehamishiwa mkoa mwingine, ndiyo maana naweza kuyasimulia haya.

Wakili alipeleka maombi, na zuio likatoka kabla mwezi haujaisha. Kwa hiyo sherehe ikawa sherehe kweli. Tuliifanyia palepale kituoni, turubai likafungwa kwenye mawe, na watu wakaja wamevaa sare ya bluu kana kwamba kuna wa kumsindikiza kanisani. Mbwa walikuwa wamefungiwa nyuma ya nyumba. Kila spika ilipopiga, nao waliitikia kwa pamoja, na mshereheshaji akawa anawatambulisha kama kwaya ya wenyeji. Rafiki yangu alipopewa kipaza sauti alisema asante, akanirudishia. Mke wa afisa hakuja, na sikumtegemea.

Kesi yenyewe haikufika hukumu. Baada ya miezi mingi ya kwenda na kurudi, pande mbili zilipatana mbele ya mahakama. Kibali kitatolewa, kwa masharti: uzio ujengwe, chanjo iendelee, na kituo kisipokee mnyama mwingine yeyote mpaka halmashauri itakapotunga mwongozo wake. Wakili alitusomea hilo la mwisho mara mbili, kwa Kiswahili cha kawaida, ili baadaye mtu asiseme hakuelewa. Rafiki yangu alielewa.

"Waliomo ndani watabaki?" aliuliza.

"Watabaki."

"Basi nimekubali."

Tulikumbatiana pale kwenye ngazi za mahakama. Jioni ile mwenyekiti aliandika kwenye kundi kwamba shughuli imekwisha salama, anawashukuru wote, na kamati imevunjwa rasmi.

Mwongozo haujatungwa hadi ninapoandika.

Asubuhi moja baada ya mvua nilipanda kumpelekea mifupa ya buchani, maana kutowapenda mbwa hakunizuii kujua wanakula nini. Nje ya geti palikuwa na boksi la sabuni lililolowa. Ndani yake watoto wa mbwa, macho hayajafunguka, wakitambaa juu ya mwenzao mmoja ambaye alikuwa ameshakufa. Rafiki yangu alikuwa upande wa ndani wa uzio, mkono juu ya komeo. Inaonekana alikuwa amesimama hivyo kwa muda.

"Nikiwaingiza," alisema, "nimevunja kibali. Watakuja kuwachukua wote."

Nilikasirika. Nilitafuta wa kumpigia simu nimfokee, na sikuona wa kumlaumu. Afisa alisema ukweli wake, wakili alitusomea mara mbili, na sisi tulikula pilau, tukakubali.

Akafungua komeo. Akatoka, akalifunga geti nyuma yake, akaketi chini kwenye tope na kuwaweka mapajani, kwenye kanga. Mbwa wakubwa walikuwa wameshafika upande wa pili, pua zao chini ya geti, wakilia.

"Hapa ni nje," alisema. Hakuwa akiniambia mimi hasa.

"Utakaa mpaka lini?"

"Mpaka apite mtu anayemtaka mmoja."

Jua lilianza kuchoma. Niliingia ndani, nikapasha maziwa, nikachukua mwavuli, nikatoka kukaa naye. Kila aliyepita tulimsalimia.