Simu ya Dada Yake kutoka Kaskazini

Mzee niliyemtunza kule Auderghem, Brussels, alikuwa Mwairishi, mkalimani mstaafu, mjane asiye na mtoto. Alizaliwa kaskazini mwa Ireland, sehemu iliyobaki chini ya Waingereza, kwenye shamba linalopakana kabisa na mpaka. Wakati wa vita vyao mdogo wake alipigwa risasi barabarani akirudisha ng'ombe. Alibaki na dada yake mkubwa tu, ambaye hakuwahi kuhama nyumba ile.

Mimi ni mama wa Bukavu, mpakani na Rwanda. Mambo ya mpaka hakuna haja ya kunieleza.

Siku Waingereza walipotoka Umoja wa Ulaya, tulitazama televisheni pamoja. Mzee akachangamka, akataka kumpigia dada yake. Niliweka sauti ya simu juu kwa sababu masikio yake yalikuwa mazito. Kiingereza nilijifunza Kampala, ukimbizini, kwa hiyo nilisikia yote.

"Sasa lazima kura ya kuuondoa mpaka ipigwe," alisema. "Ireland itakuwa moja, nasi tutaiona."

Dada akakataa. "Kura hiyo itarudisha bunduki barabarani. Wewe ulikuwa Brussels. Mimi ndiye niliyemzika mdogo wetu."

"Aliuawa na mpaka huo!"

"Aliuawa na watu. Wengine walitaka kuuondoa, wengine kuulinda."

Dada akakata simu. Mzee akaniomba nizime televisheni.

Tangu hapo hawakuongea. Nilikuwa namwambia, "Papa, mupigie dada yako." Ananijibu kwa Kifaransa kwamba mkubwa ni dada, na aliyekata simu ni dada. Kwetu Kivu nimeona ndugu wakiachana hivyo hivyo, wakaenda kaburini bila kusalimiana. Nilimwambia na hilo. Akageukia dirisha.

Kisha kiharusi kikamwangusha jikoni, ulimi ukafa. Siku dada alipopiga hatimaye, nilimshikia mzee simu sikioni. Dada alimwita kwa jina la utotoni, akarudia tena na tena. Mzee alitoa mkoromo tu, machozi yakimtiririka.

"Bado umenikasirikia?" dada akauliza.

Nikachukua simu, nikamweleza habari ya kiharusi.

Dada alipofika Brussels, ndugu yake alikuwa keshafariki, yuko mochwari. Aliketi kwenye kitanda kitupu, koti mwilini.

"Alisema nini juu yangu?"

Sikumdanganya. "Hakusema kitu, maman. Alikuwa anangoja upige."

"Na mimi nilikuwa nangoja."

Kura ile haijapigwa hadi leo. Tulipanda basi pamoja kwenda mochwari.