Sabuni Isiyo na Foleni

Vita ya Kagera ilipiganwa mbali kabisa na kwetu Mbinga. Risasi hatukusikia hata moja, lakini malori yalikwenda kubeba askari, na sabuni ikapotea nayo. Mama yangu alifua kwa majani ya mpapai. Ikisikika kwamba duka la kijiji limepata mzigo, wanawake waliwahi kupanga mawe mlangoni, kila mmoja na lake, kisha wakarudi kwenye mashamba yao ya kahawa. Jiwe lilishika foleni badala ya mtu, na ole wako ulisogeze. Vita ikaisha, foleni ikabaki miaka.

Basi maduka ya watu binafsi yaliporuhusiwa, mimi mtoto wa kijijini Mbuji niliyeishia darasa la nne niliwatangulia wasomi wote. Niliuza baiskeli niliyokuwa nachuuzia samaki, nikaenda Songea, nikarudi na sabuni, nikafungua duka pale sokoni Mbinga. Baba mkwe, mvuvi wa Mbaha kule ziwani, alinipa mpaka Krismasi.

"Duka likifa, unashuka ziwani kuvuta nyavu zangu."

Mimi mtu wa milimani, maji yakifika magotini naanza kusali.

Wiki nzima miche ya sabuni ilikaa mezani. Watu wanapita, wanaitazama, wanakwenda zao. Mke wangu akanicheka.

"Sabuni umeianika mchana kweupe kama nyanya, na hakuna hata mtu anayesukumwa. Nani ataamini ni sabuni ya kweli?"

Hapo akili yangu ikaamka, na ikiamka huwa haishikiki. Alfajiri ya siku ya soko niliokota mawe, nikayapanga mstari kuanzia mlangoni, nikajifungia ndani kimya.

Kulipokucha nikachungulia. Mstari umefika kwa wauza maharage. Mawe, vikapu, kandambili, mpaka jembe la mtu. Wenyewe wanagombana nani alimtangulia nani, na hakuna anayejua kinauzwa nini. Nikafungua mlango kama mkuu wa wilaya.

Mbele kabisa alisimama bibi mmoja wa Kingerikiti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wanagawa nini?"

"Sabuni."

"Kila kaya mche mmoja?"

"Chukua unayotaka."

Akanikazia macho. "Usinitanie, mjukuu wangu. Na kibali?"

"Siku hizi hakuna kibali, bibi. Ni hela yako tu."

Akafikiri kidogo. "Kumbe vita imekwisha," akasema, akabeba mitano.

Waliokuwa nyuma yake walipoiona ile mitano, foleni ilivunjika palepale. Kufika mchana meza ilikuwa nyeupe.

Krismasi ilipokaribia, baba mkwe alipanda kutoka ziwani. Akakuta rafu tupu.

"Nilijua tu. Funga mizigo twende."

"Baba, rafu ikiwa tupu ndiyo biashara. Mzigo mwingine uko njiani."

Hakuamini. Alikaa mpaka lori likaja, akaona kwa macho yake watu wakiivamia sabuni kabla haijashuka yote. Alirudi Mbaha na katoni kichwani aende kuniuzia huko, na njiani akawa anamwambia kila aliyekutana naye kwamba mkwewe ni tajiri. Wala hakukosea.