Diski Mbili za Mwalimu

Mimi sikusomea kompyuta popote. Niliacha shule darasa la sita, na leo nina maduka mawili Kisii mjini na moja Nyamira, na watu wenye diploma wananiita bosi. Nasema hivyo mapema ijulikane anayeandika ni nani. Nilianza kwa kutengeneza redio pale Keumbu, kando ya barabara, meza yangu ikiwa mlango mkuukuu uliolazwa juu ya madebe. Kompyuta ya kwanza niliifungua kwa kisu cha jikoni, na ikawaka. Tangu siku hiyo sijamwuliza mtu kitu.

Aliyenitoa shule alikuwa mwalimu wetu wa Kiingereza huko Manga. Siku moja alinisimamisha nisome aya moja. Nikakwama kwenye mstari wa kwanza, naye akaniacha nimesimama mpaka kengele ikalia, darasa zima likicheka. Kesho yake nilienda kuchuma majani chai. Sikurudi tena.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nimepanga kibaraza cha Mhindi mmoja mwenye duka la vitambaa Kisii mjini. Asubuhi moja mwalimu yule akaingia, kichwa cheupe, akifuatwa na mtu aliyebeba kompyuta ndani ya gunia.

"Nimeambiwa mji huu hauna fundi kama wewe," alisema.

"Umeambiwa ukweli, Mwalimu. Unanikumbuka?"

"Nakukumbuka. Ulikuwa unakaa karibu na dirisha."

Basi. Hilo tu.

Shida yake ilikuwa hivi. Tangu astaafu alikuwa amezunguka mlima wote wa Manga akiwasikiliza wazee na kuandika kwenye madaftari: nani alihamia wapi, nani alichimba kisima kipi, nyimbo walizoimba wakati wa kuvuna wimbi. Yote aliyapiga chapa ndani ya mashine ile, yaje kuwa kitabu. Kila daftari lilipokwisha kupigwa, mkewe alilitumia kuwashia moto, kwa ruhusa ya mwalimu mwenyewe, maana nyumba ilikuwa ndogo na karatasi zilikuwa zinaota ukungu. Wazee wengi walikwisha kuzikwa. Sasa diski iliyoyahifadhi yote ilikuwa imeanza kukwaruza kama paka mlangoni, na mwalimu hakulala.

Nikamwambia ninayo dawa. Kulikuwa na kadi mpya ya kuunganisha diski mbili zikafanya kazi kama pacha. Unachoandika kwenye moja kinaandikwa kwenye nyingine, moja ikifa nyingine inaendelea. Mji mzima nilikuwa peke yangu niliyeijua. Nilipanda gari la usiku mpaka Nairobi nikarudi na kadi, na diski mpya iliyolingana na yake kwa kila kitu.

"Tusinakili kwanza kwenye zile diski ndogo za kuchomeka?" aliuliza. "Hata kama zitakuwa nyingi?"

"Mwalimu, hiyo ni dharau."

Akaitikia kwa kichwa. Laiti angegomba.

Kadi ilikuwa ya mashine za kisasa, na madabodi ya mashine ya mwalimu, yaani ule ubao wa kijani unaobeba kila kitu, ilikuwa ya zamani. Ubao haukuiona kadi kabisa. Nilisugua meno ya kadi kwa raba ya penseli. Nikaihamisha tundu hadi tundu. Mara skrini inabaki nyeusi, mara inawaka kama kwamba kadi haipo. Siku ya pili Mhindi alitoka dukani kwake akachungulia.

"Fundi, imekushinda hiyo. Nipe nifugie kuku."

"Kuku wako watataga diski, bwana mkubwa. Ngoja tu."

Mwalimu alikuwa anakuja kila siku kutoka Manga na kukaa kwenye kistuli, miwani puani, gazeti mkononi. Hakuwa anasoma gazeti. Alikuwa ananitazama mimi, na mgongo wangu ulijua.

Siku ya tatu nikagundua. Kadi ya sauti, ambayo mwalimu hakuwahi hata kuitumia, ilikuwa inagombania njia moja na kadi yangu. Nikaing'oa, nikasogeza yangu tundu la juu, nikawasha. Diski zote mbili zikatokea kwenye skrini, namba moja na namba mbili, jina moja, ukubwa mmoja. Hakuna aliyenifundisha hilo. Mhandisi wa chuo angesema nunua mashine nyingine. Nilipiga kelele mpaka Mhindi akaja kunipa mkono.

Sasa nieleze desturi yangu ya kazi. Kitu kipya mimi hukijaribu kwanza, peke yake, kwenye waya wa kwanza, ule ambao mashine huuita namba moja. Kikifaa ndipo cha mteja kinafuata. Diski ya mwalimu niliipaka alama ya rangi nyekundu ya kucha, kama ninavyopaka mali ya kila mteja. Lakini rangi ya kucha haionekani kwenye skrini. Na katika kuhamahamisha kwa siku tatu, ile mpya ilibaki pale nilipoijaribia, kwenye waya wa kwanza.

Mashine ikauliza inakili kutoka ipi. Nikachagua namba moja. Yakatokea maneno mengi ya Kiingereza, mekundu.

"Ngoja," mwalimu alisema, akisimama. "Hebu soma hayo kwanza."

Soma. Mbele ya Mhindi. Masikio yangu yakawaka moto uleule wa darasa la sita.

"Mwalimu," nikasema, "hapa mwalimu ni mimi."

Nikabonyeza.

Utupu wa diski mpya ukamwagwa juu ya kazi yake yote, ukanakiliwa vizuri sana, bila kosa hata moja. Ilipomaliza nilifungua sanduku nionyeshe ushindi wangu, nikaiona ile rangi nyekundu kwenye waya wa pili. Nilijaribu kila nilichokijua. Mwalimu alikaa kwenye kistuli mpaka nilipoweka bisibisi chini, kisha akakunja gazeti lake.

"Yalisema namba mbili itafutwa yote," alisema kwa upole, kama anayemsomea mtoto. Akaondoka. Mashine hakuirudia.

Watu wa Manga walipomwuliza kitabu kiko wapi, alijibu kwamba kompyuta ilizeeka ikafa. Akawa ananiletea wateja. Ningependa anitukane. Mtu aliyeniaibisha mbele ya watoto arobaini alinificha mbele ya mlima mzima, na sijamsamehe kwa hilo pia.

Alipozikwa, vipaza sauti vilikuwa vyangu, na niliketishwa mbele, kwenye hema la wageni wa heshima. Mwanawe akasoma kwamba baba hakuacha kitabu kwa sababu mashine ilikuwa nzee. Nilitazama viatu vyangu.

Mashine haikuwa na neno. Ninayo dukani Nyamira, juu ya kabati. Nikiiwasha hata leo ubao unaiona kadi, na diski zote mbili zinatokea, sawasawa.