Saa ya Ini la Mdogo Wangu

Mdogo wangu alikuwa askari wa doria katika hifadhi ya bahari, akilinda matumbawe dhidi ya wavuvi wa baruti. Kila usiku alitoka baada ya sala ya isha na kurejea karibu na alfajiri. Kwetu Mafia mwanamume atokaye baharini hapokewi kwa maneno matupu: mkewe alimwekea sufuria ya wali wa nazi, naye aliimaliza, kisha akalala.

Mwaka wa nne wa kazi hiyo alianza kuchoka ovyo, na kipimo kikaonyesha mafuta katika ini. Mimi, mwalimu niliyesoma vitabu vingi na kuwahukumu watu wengi, nilijua sababu moja tu ya maradhi ya ini: pombe. Sikumuuliza. Nilimwambia mkewe kwamba mumewe anakunywa kwa siri. Akafunga mzigo, akarudi kwao Kirongwe.

Nilipokwenda kwa daktari wake na shutuma hiyohiyo, yeye, mama mmoja wa bara, alinivumilia kuliko nilivyostahili.

"Mwalimu, umewahi kumwona amelewa?"

"Hapana."

"Hata vipimo havisemi pombe. Anakula saa ngapi?"

Nilipomjibu, alitikisa kichwa. Saa ya ubongo, alisema, huongozwa na mwanga. Ini lina saa yake, na hiyo husikiliza zaidi chakula. Usiku ini hujiandaa kutoa sukari ya akiba, halitazamii karamu. Likishushiwa wali kila alfajiri, saa hizo mbili hugombana, na shibe nyingi hugeuka mafuta. Huenda si sababu pekee, aliongeza, lakini kwake ndiyo iliyo wazi.

Nilikwenda Kirongwe siku hiyohiyo. Baba wa shemeji yangu alipokea shikamoo yangu kwa ubaridi. Nilikiri mbele yao wote kwamba nimemzulia ndugu yangu, kisha nikaeleza habari ya ini.

"Saa ndani ya ini!" mzee alisema. "Na ufunguo wake anautia nani?"

"Sufuria ya wali, mzee."

"Kwa hiyo sasa mkosaji ni binti yangu?"

"Hasha. Yeye alipika kwa mapenzi. Mkosaji ni ulimi wangu."

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni, kanga imemfunika nusu ya uso. Hakunisamehe kwa maneno, wala sikumdai.

"Basi shemeji," aliuliza, "nimpakulie saa ngapi?"

"Kabla ya magharibi, kabla hajatoka."

Akaingia ndani kufungasha.